Kura Sita za Runcorn

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, nilikuwa kwenye usukani wa basi kutoka Runcorn kwenda Liverpool. Nilipotoka nyumbani alfajiri kura zilikuwa zinahesabiwa upya. Nilipofika kituo cha mwisho nikawasha simu, na matokeo yalikuwa yameshatoka. Sarah Pochin wa Reform UK, chama kinachopinga uhamiaji, kura 12,645. Karen Shore wa Labour, chama kilichokuwa madarakani, kura 12,639. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya kwa usingizi. Kura sita.

Miezi kumi nyuma, Julai 2024, mgombea wa Labour alishinda jimbo hili hili kwa kumzidi mpinzani wake wa karibu kura 14,696. Halafu mbunge huyo akampiga ngumi mwananchi barabarani usiku, akahukumiwa, akajiuzulu, na ndiyo maana tukaitwa kwenye uchaguzi mdogo. Nasema "tukaitwa" kwa sababu na mimi nilipiga. Mtanzania anayeishi hapa kihalali ni raia wa Jumuiya ya Madola, na sheria ya nchi hii inampa haki ya kupiga kura hata bila pasipoti yao. Nilipita kituoni nikiwa na sare ya kazi, nikaonyesha leseni ya udereva, maana tangu 2023 wanadai kitambulisho chenye picha, nikaweka alama kwa penseli iliyofungwa kamba. Mgombea niliyemchagua alishindwa.

Jioni yake shangazi alinipigia kutoka Muheza. Alikuwa amesikia redioni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia huko Uingereza wamewachoka. Mnarudi lini?"

Nilimjibu kwa kifupi, tukaongea habari za mvua na za mguu wake, tukaagana. Swali lake halikuniacha. Nimekaa nchi hii miaka kumi na saba, nimelala katika miji yenye tabia tofauti kabisa, na najua kwamba "Uingereza imewachoka" ni sentensi ambayo ukiipeleka London inakuwa uongo, ukiipeleka Boston inakuwa nusu ya kweli, na ukiipeleka Clacton inakuwa jambo jingine kabisa. Haya ndiyo majibu ambayo sikuweza kumpa kwenye simu.

Nianze na Boston, mji wa mashamba katika kaunti ya Lincolnshire, kwa sababu huko mgeni nilikuwa mimi.

Desemba 2008 nilikuwa mwanafunzi Nottingham na karo ilikuwa imenibana. Rafiki akaniambia likizo ya Krismasi kuna kazi Lincolnshire, kukata mboga. Wakala mmoja alitupokea, akatupanga watu tisa kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na kila Ijumaa alikata kwenye mshahara kodi ya kitanda na nauli ya basi dogo lililotuchukua saa kumi na nusu alfajiri. Nyapara wetu alikuwa Mlithuania. Wenzangu walikuwa Walithuania, Walatvia na Wapolandi, na mimi peke yangu mweusi, nimevaa soksi jozi tatu.

Ardhi ya kule ni bapa kama sinia. Zamani ilikuwa kinamasi, wakaikausha kwa mifereji, na sasa ni udongo mweusi unaolisha nchi nzima kabichi, koliflawa na viazi. Unakata ukiwa umeinama, kisu kimoja kwenye shina, mkono wa kushoto unang'oa majani ya nje. Asubuhi yenye barafu majani hayo yanakatika kama vigae na maji yake yanaingia ndani ya glavu. Mbele yenu trekta linakwenda polepole na mkanda wa kupokea mboga. Trekta likienda, na wewe unakwenda. Hakuna kusimama kunyoosha mgongo.

Dereva wa trekta alikuwa Mwingereza wa makamo, mzaliwa wa pale. Siku moja injini iligoma, tukakaa pembeni tukisubiri fundi, akanigawia chai ya kwenye chupa. Akaniambia mama yake na mashangazi zake walikata kabichi kwenye shamba hilo hilo. Walikuja kwa baiskeli, wakilipwa kwa kreti, na mtoto akiumwa mama hakuja siku hiyo, kesho anaendelea. Kisha maduka makubwa yakaanza kupiga simu usiku kudai lori zima kufika asubuhi. Wenye mashamba wakawageukia mawakala. Wakala alitaka mtu anayeamka saa yoyote, siku saba, na asiye na mtoto wa kupeleka shule. Mama yake akaacha. Hakunilaumu. Alikuwa ananieleza jinsi ilivyokuwa, na macho yake yako kwenye trekta.

Nimeyafikiria maneno yake kwa miaka mingi, kwa sababu wachambuzi wengi wa Boston huanzia kwa Wapolandi, na yule bwana alianzia kwa simu ya usiku.

Takwimu zinasema hivi. Tarehe 1 Mei 2004 nchi nane za Ulaya Mashariki ziliingia Umoja wa Ulaya, pamoja na Malta na Cyprus. Nchi tatu tu kati ya wanachama wa zamani, yaani Uingereza, Ireland na Sweden, zilifungua soko la ajira papo hapo. Ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya serikali ilikadiria ongezeko la watu 5,000 hadi 13,000 kwa mwaka. Waliokuja walikuwa wengi mara nyingi zaidi. Wilaya ya Boston yenye watu kama 56,000 mwaka 2001 ilifika karibu 65,000 mwaka 2011, na takribani mmoja kati ya kumi alikuwa ametoka nchi hizo mpya. Mji mdogo ambao kwa vizazi haukuzoea hata lafudhi ya Nottingham ukapata mtaa mzima wa maduka yenye mabango ya Kipolandi na Kilithuania ndani ya miaka michache. Nyumba zikagawanywa vyumba kama ile yetu ya watu tisa, na kodi ikapanda. Foleni ya daktari ikarefuka, kwa sababu fedha za huduma hupangwa kwa hesabu ya watu ya zamani. Katika kura ya maoni ya Juni 2016, Boston ilipiga asilimia 75.6 kujitoa Umoja wa Ulaya. Hakuna wilaya nchini iliyopita hapo.

Ndiyo maana Julai 2024 jimbo la Boston na Skegness lilimchagua Richard Tice wa Reform, kwa tofauti ya kura 2,010. Mwaka 2019 mgombea wa Conservative, chama cha wahafidhina, alikuwa ameshinda hapo kwa zaidi ya kura 25,000.

Mtu akiishia Boston atasema basi, jibu limepatikana: penye wageni wengi ndipo pana hasira. Hilo ndilo kosa, na mimi mwenyewe nililibeba muda mrefu. London, kwa sensa ya 2021, zaidi ya watu wanne kati ya kumi walizaliwa nje ya nchi, na mwaka 2024 Reform walipata huko asilimia 8.7 tu ya kura, kiasi kidogo kuliko mkoa wowote wa England. Na chama kilipata kura zake nyingi kuliko kote mahali ambapo ungeweza kutembea mchana kutwa usikutane na mtu kama mimi.

Mahali hapo ni Clacton, pwani ya Essex. Nigel Farage, kiongozi wa Reform, baada ya kushindwa mara saba kuingia bungeni, alishinda hapo 2024 kwa asilimia 46.2. Miaka kumi kabla, Oktoba 2014, jimbo hilo hilo ndilo lililokipa chama chake cha zamani, UKIP, mbunge wa kwanza wa kuchaguliwa kwa jina la chama hicho.

Agosti 2025 nilichukua likizo nikaenda kupaona. Treni kutoka kituo cha Liverpool Street, London, huchukua kama saa moja na nusu. Ukishuka unachukua basi hadi Jaywick, kijiji kilichomo kwenye jimbo hilo, ambacho vipimo vya serikali vya umaskini vimekitaja mfululizo tangu 2010 kuwa na mtaa wenye dhiki kuliko mitaa yote ya England. Mimi nilitegemea mahali pa kutisha. Nilikuta mchanga wa dhahabu, bahari tulivu, na vibanda vya mbao na matofali mepesi vimebanana kwenye barabara zenye majina ya magari: Austin, Bentley, Hillman. Vilijengwa miaka ya 1930 viwe nyumba za mapumziko kwa familia za wafanyakazi wa mashariki ya London, waje kiangazi tu, wapate upepo. Baada ya vita watu wakahamia moja kwa moja, wengine hawakuwa na kwingine. Mafuriko ya 1953 yaliua zaidi ya watu 30 hapo. Ukuta wa bahari upo, nyumba nyingine zimepakwa rangi za kupendeza na kupandwa maua, nyingine madirisha yamezibwa kwa mbao.

Kwenye ukuta huo alikuwa amekaa bibi mmoja na mbwa wake. Tulisalimiana, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania lakini naishi Runcorn, na Runcorn ndiyo iliyomshangaza zaidi. Yeye alizaliwa Canning Town, London mashariki, karibu na gati. Baba yake alikuwa kuli bandarini. Gati zilipofungwa mtaa ukatawanyika, na yeye na marehemu mume wake wakaja huku walikokuwa wakija utotoni. Mara ya mwisho kufika Canning Town ilikuwa kwenye mazishi. "Sikumjua mtu hata mmoja barabarani," akasema. Kisha akahamia kwenye jambo lililokuwa linamkera kweli kweli siku hiyo: miadi ya hospitali Colchester na basi lisilofika kwa wakati. Hapo tulielewana sana, mimi na udereva wangu.

Wilaya ile karibu watu watatu kati ya kumi wana miaka 65 au zaidi. Vijana wanaopata alama nzuri shuleni huondoka na hawarudi. Mabadiliko ambayo wengi wao wanayapinga kwa kura hayakutokea Clacton. Yalitokea kwenye mitaa waliyoiacha, na wamehama nayo kichwani, kama mtu anayehama na picha ya nyumba iliyobomolewa. Nimeona sisi wenyewe tulioko ughaibuni tukifanya hivyo hivyo na vijiji vyetu, tunavisimulia kama tulivyoviacha mwaka ule.

Kuna ukanda wa tatu, wa makaa ya mawe, nao nitaupitia haraka kwa sababu umesimuliwa sana. Ashfield, Nottinghamshire, ilikuwa ngome ya Labour hadi 2019. Mbunge wake Lee Anderson, aliyewahi kuwa mchimba makaa, alianza Labour, akaenda Conservative, na Machi 2024 akahamia Reform. Wapigakura wake wametembea naye njia hiyo hiyo. Mei 2025, siku ile ile ya kura zetu sita, Reform walichukua halmashauri kumi, na kadhaa kati yake ukiziweka kwenye ramani unaona migodi iliyofungwa: Durham, Doncaster, Derbyshire, Nottinghamshire. Durham hiyo ndiyo halmashauri ya kaunti ya kwanza England iliyoongozwa na Labour, mwaka 1919. Nimekulia Muheza kati ya mashamba ya mkonge, nimeona mashine zilizoota kutu na nyumba za makuli zilizobaki bila makuli, na baba akitaja saa ambayo king'ora cha kiwanda kilikuwa kikilia. Nikipita kwenye vijiji vile vya Durham sihitaji mkalimani.

Lakini hata umaskini peke yake haujibu. Liverpool ina mitaa yenye dhiki kama Jaywick, imepoteza gati zake vilevile, na mwaka 2016 ilipiga asilimia 58 kubaki Ulaya. Sababu mojawapo inanigusa kila ninapoona stendi ya magazeti pale. Aprili 1989 mashabiki wa timu ya Liverpool walibanwa uwanjani Hillsborough, na hatimaye waliohesabiwa kufa walikuwa 97. Gazeti la The Sun likaandika uongo kwamba mashabiki waliwaibia maiti. Jiji likaligomea, na hadi leo wauzaji wengi hawaliweki. Gazeti hilo lilitumia miaka mingi kuuchafua Umoja wa Ulaya, na watafiti waliolinganisha eneo la Merseyside na maeneo mengine walikuta kwamba chuki dhidi ya Ulaya ilipungua huko baada ya mgomo. Kwa hiyo ndiyo, kinachosomwa mezani asubuhi kina nguvu. Na jiji lililokwisha kudanganywa pamoja hukumbuka pamoja.

Uskoti nako hasira ya kutengwa na London ipo tele, ila ilikuwa na pa kwenda: chama cha SNP na ndoto ya uhuru. Reform walipata huko asilimia 7 tu mwaka 2024. Pasipumzikwe hapo, maana Juni 2025, kwenye uchaguzi mdogo wa bunge la Uskoti huko Hamilton, walipata asilimia 26. Wales walikuwa na karibu asilimia 17 mwaka 2024. Oktoba 2025 nilikesha nikifuatilia uchaguzi mdogo wa bunge la Wales huko Caerphilly, mji wa mabonde ya makaa ambao Labour waliumiliki kwa karne nzima. Labour wakaporomoka hadi asilimia 11. Reform wakapata 36. Plaid Cymru, chama cha Wales wenyewe, kikawapita wote kwa asilimia 47. Mtu aliyechoshwa na Labour pale alikuwa na mlango wa pili wa kutokea, mlango wa Kiwelisi. Durham na Boston hawana. Kwa mawazo yangu hili ndilo jambo kubwa katika ramani nzima, na nashangaa halisemwi vya kutosha: hasira inafanana sana kutoka mkoa hadi mkoa, tofauti ni chama gani kilifika kwanza kubisha hodi.

Sasa wasomaji wa nyumbani mnaijua hesabu ya majimbo, kwa sababu mfumo huu wa anayeongoza ndiye mbunge tuliurithi kutoka kwao. Mwaka 2015 UKIP walipata kura karibu milioni 3.9 nchi nzima wakaambulia mbunge mmoja. SNP, kwa kura kama milioni 1.45 zilizorundikana Uskoti, walipata wabunge 56. Mwaka 2024 Reform walipata zaidi ya milioni 4.1 na wabunge watano; chama cha Liberal Democrats, kwa milioni 3.5, walipata 72. Kura za Reform zilisambaa kama chumvi kwenye mchuzi, ladha kila mahali na huoni hata punje. Walikuwa wa pili katika majimbo 98, na 89 kati ya hayo yalikuwa ya Labour. Runcorn lilikuwa mojawapo. Chama kilichosambaa namna hiyo hakipandi ngazi kwa ngazi. Kinakaa chini ya mstari mwaka baada ya mwaka, halafu kikiongezeka kidogo tu majimbo yanaanguka kwa pamoja.

Runcorn yenyewe ni mji wa kuazima. Mwaka 1964 uliteuliwa kuwa mji mpya wa kupokea familia zilizokosa nafasi Liverpool, ng'ambo ya Mto Mersey. Abiria wangu wazee wanaongea lafudhi ya Liverpool, wajukuu wao wanashabikia timu za Liverpool, basi langu linawapeleka kuzuru makaburi ya Liverpool. Walivuka mto tu. Asubuhi ile ya Mei nilikuwa nawatazama wakipanda mmoja mmoja, "morning", "asante dereva" kwa lugha yao, kama kila siku, nikijua kwamba zaidi ya mmoja kati ya watatu waliopiga kura walipigia chama ambacho miezi michache baadaye, Septemba 2025, kilitangaza kwamba kikiingia madarakani kitafuta kibali cha ukaazi wa kudumu, kile nilichokisubiri miaka kumi na kukilipia kwa zamu za usiku. Sikuwachukia. Niliumia, na bado naumia.

Jumapili iliyofuata uchaguzi ule wa Mei tulikutana kwa mwenzetu mmoja hapo hapo mjini kwenye akika ya mtoto wake. Pilau, kachumbari, watoto kwenye ngazi. Mazungumzo yakafika kwenye zile kura sita, na mama mmoja wa Mombasa, anayelea wazee kwenye nyumba ya malezi, akauliza, "Kwani sisi tunaruhusiwa kupiga?"

Nikahesabu waliokuwemo sebuleni. Mkongo na Warundi wawili niliwaruka, nchi zao haziko Jumuiya ya Madola. Wakenya na Watanzania wazima wenye makazi ndani ya jimbo tulikuwa kumi na moja. Waliokuwa wamepiga kura ni mimi na mwenye nyumba. Tisa hawakujiandikisha. Mmoja wao akasema wazi kwamba angepiga, angewapigia Reform, kwa sababu yeye alikuja na viza na hapendi wanaokuja kwa boti, na tukabishana naye mpaka chai ikapoa. Wanane waliobaki walikaa kimya.

Yule mama alikuwa wa kwanza kutoa simu. Fomu inataka namba ya bima ya taifa, naye hakuikumbuka, akamtuma mwanawe akamletee mkoba garini.